Muhtasari wa Kurasa Tisa

Jumapili iliyopita, saa kumi na moja na dakika ishirini jioni, shangazi wa bwana harusi aliitua chupa yake ya soda, akafuta mdomo kwa ncha ya kitenge, akaniuliza mbele ya watu 34: "Katibu, mwanangu, huo ni muhtasari, au kikao cha wiki ile kimerudi chenyewe?"

Nilikuwa ukurasa wa nne. Zilikuwa zimebaki tano.

Sikumjibu. Nilifanya anachofanya mtu yeyote aliyefumaniwa na karatasi mkononi: niliendelea kusoma, ila mbiombio. Mbio hizo ndizo zilizoniponza. Msomaji anayekimbia husoma kwa mdomo tu, na mdomo wangu ulifika kipengele cha 5.3 akili ikiwa bado iko 5.1, kwenye mjadala wa viti vya plastiki.

Ubaya wa 5.3 hauwezi kueleweka na mtu asiyejua kikao cha harusi kinavyokwenda Dar es Salaam, kwa hiyo nivumilie. Kikao hufanyika nyuma ya baa, chini ya turubai, kwa utaratibu ambao hata Bunge lingeuonea wivu. Mwenyekiti anagonga meza kwa kizibuo. Kuna sala. Kuna kutangaza kuwa akidi imetimia, ingawa sijawahi kuona kikao cha harusi kikiahirishwa kwa kukosa akidi. Wakija watano, hao watano ndio akidi. Kisha unasomwa muhtasari wa kikao kilichopita, yanafuata yatokanayo, taarifa ya mhazini, kamati ndogo moja moja (chakula, vinywaji, mapambo, usafiri), na mwisho kabisa mengineyo. Nayapenda mno maneno hayo mawili. Yatokanayo ni madeni. Mengineyo ni ugomvi. Hakuna aliyewahi kufundishwa hivyo, lakini ikitajwa "mengineyo" utaona watu wanavuta viti mbele.

Injini ya yote hayo ni ahadi. Mtu anasimama, anataja kiasi, anapigiwa makofi, anaketi. Katibu anaandika. Pesa yenyewe haijaonekana, na pengine haitaonekana, lakini imeandikwa, na wiki inayofuata itasomwa kwa sauti mbele ya wote, mwenyewe akiwa amekaa palepale na sahani ya mishikaki. Ndiyo maana kusoma muhtasari hakurukwi. Muhtasari wa kikao cha harusi ni hati ya madai iliyovalishwa nguo za kumbukumbu. Shangazi anaujua ukweli huo kuliko mimi. Alichokuwa anauliza ni kwa nini hati ya madai ina maelezo ya hali ya hewa.

Kwa maana yalikuwemo. Kipengele cha 1.2: "Kikao kilichelewa kuanza kwa dakika 55 kutokana na mvua na kutokana na Mwenyekiti." Kipengele cha 2.4: "Mjumbe mmoja aliomba radhi kwa kuchelewa, akieleza kuwa daladala aliyopanda ilipata pancha Buguruni. Mjumbe mwingine alisema naye alipita Buguruni na hakuona daladala yenye pancha." Kipengele cha 4 chote, ukurasa mzima na robo, kilikuwa cha pilau na biriani, na nilikuwa nimemwandika kila aliyesema pilau, kila aliyesema biriani, na mzee mmoja aliyesema ubwabwa akapuuzwa. Wakati naandika niliona fahari. Nilijiona natunza historia.

Basi, 5.3. Nainakili hapa kama nilivyoisoma, kwa kasi ya mtangazaji wa mpira:

"Mjomba wa bwana harusi aliahidi Sh. 300,000. Wajumbe walimpigia makofi. Mjomba aliketi, akamnong'oneza aliyekuwa kushoto kwake kwamba ameahidi tu asionekane vibaya, na kwamba Mungu ndiye anayejua zitatoka wapi."

Aliyekuwa kushoto kwake ni mimi.

Palipita kimya. Nimewahi kukaa msibani, nimewahi kukaa nje ya chumba cha mtihani wa Kidato cha Nne, lakini kimya cha namna ile sikuwahi kukisikia. Jiko la mishikaki lilisikika likitoa cheche. Kisha mtu mmoja wa kamati ndogo ya vinywaji, kamati ambayo haijawahi kuleta taarifa hata moja iliyokamilika, akaanza kucheka kwa pua. Kicheko cha pua huambukiza. Kilizunguka meza, kikafika kwa bibi harusi mtarajiwa, ambaye hata hakutakiwa kuwepo.

Mjomba akasimama. Alisimama taratibu, akafunga kifungo cha koti ambacho hakikuwa na haja ya kufungwa. "Mheshimiwa Mwenyekiti," akasema, "kwa kuwa Katibu ameshaniandika kwamba sina, naomba muhtasari ubaki hivyohivyo. Sina." Akaketi. Mhazini akafungua daftari lake, akatafuta mstari, akaukata. Nilikuwa mbali naye kwa viti sita, na niliisikia kalamu.

Mwenyekiti, kwa nia ya kuniokoa, akasema: "Katibu, tupe tu kwa ufupi yaliyobaki."

Nami nikajibu, Mungu anisamehe, kwa sababu ndivyo nilivyoamini: "Mwenyekiti, huu ndio ufupi."

Tangu siku ile naitwa Hansadi. Simu ikilia na mtu akisema "Hansadi, mambo vipi," najua ni mwanakamati. Jina lenyewe, nikiri, limepatia. Hansadi ndiyo taarifa ya Bunge inayobeba maneno ya kila msemaji, na imepata jina lake kwa Thomas Curson Hansard, mpiga chapa wa London aliyechapa mijadala ya Bunge la Uingereza. Yule bwana alikuwa na mtambo wa kuchapia. Mimi nilikuwa na kalamu ya wino wa bluu na hamu ya kuwa mwaminifu.

Usiku ule sikupata usingizi, nikaamua kumtafuta mkosaji, na nikampata: ni neno lenyewe. Muhtasari. Linatamkwa kama jambo dogo, kisha tazama linavyotumika. Mwalimu wa Tanzania akikwambia "lete muhtasari wa somo" hataki ufupisho wa chochote. Anataka kile kitabu kinachopanga mada zote za somo, umahiri, vipindi na zana, makumi ya kurasa, ambacho Wakenya wanakiita silabasi bila aibu. Mwalimu huyohuyo akiwaambia wanafunzi "andikeni muhtasari wa habari hii", anataka aya moja. Akienda kwenye kikao cha walimu jioni, ukasomwa "muhtasari wa kikao", anapata nusu saa ya nani alisema nini kuhusu vyoo. Neno moja, siku moja, mwalimu mmoja, na limebeba kurasa themanini, aya moja na nusu saa. Wakenya hapa wametushinda. Cha mkutano wanakiita kumbukumbu, na cha darasani wanakiita ufupisho, wakakipa alama 15 katika karatasi ya pili ya Kiswahili ya mtihani wa KCSE, na idadi ya maneno wanakutajia kabisa. Mtoto wa Kakamega wa miaka kumi na saba anajua tofauti ambayo mimi nimejifunza kwa kupoteza laki tatu za watu.

Asili yake ni Kiarabu, mukhtasar, kitu kilichofupishwa, na mzizi wake ndio huohuo unaozaa khasr, yaani kiuno. Nilipolijua hilo nilikaa kitandani nikawasha taa. Kumbe kufupisha ni kuyapa maneno kiuno! Yawe na juu, yawe na chini, lakini katikati yabanwe. Wangu ulikuwa muhtasari usiofungika kanga.

Na kwa waandishi wa Kiarabu, mukhtasar si kijikaratasi bali ni aina nzima ya vitabu. Madrasa za pwani yetu zimesomesha kwa vizazi kitabu kidogo cha fikihi ya Kishafii cha Abu Shuja, ambacho jina lake mojawapo ni Ghayat al-Ikhtisar, Upeo wa Ufupisho. Mwandishi alibana uchumba, mirathi, udhu, biashara na jihadi mpaka mwanafunzi akaweza kuvihifadhi moyoni. Alibana kiasi kwamba mtu akisoma peke yake haelewi. Akaja Ibn Qasim al-Ghazzi akakiandikia sharh, maelezo ya kukifungua. Maelezo nayo yakahitaji maelezo: Ibrahim al-Bajuri, sheikh wa Al-Azhar aliyefariki mwaka 1860, akaiandikia ile sharh hashiya ya juzuu mbili. Kwa hiyo kitabu cha kutia mfukoni kimezaa mzigo wa kubeba begani, na kila mmoja katika mnyororo huo alikuwa anasaidia.

Sasa hiyo sharh ndiyo iliyonifanya nicheke peke yangu saa nane za usiku. Fungua nyuma ya vitabu vya zamani vya mashairi ya Kiswahili. Utakuta sehemu ya kueleza maneno magumu imeandikwa juu yake "Sherehe", yaani sharh ileile. Muhtasari unabana, sherehe inafungua. Na mimi ni katibu wa nini? Wa kamati ya sherehe. Nilipeleka maelezo kwenye kamati ya maelezo, wakanilaumu kwa kurefusha.

Jambo linaloniuma zaidi ni kwamba lugha yetu ilizaliwa na ufupi wake. Enzi za simu za maandishi, ulipokuwa ukilipia posta kwa kila neno, Mswahili alikuwa tajiri bila kujijua. Mwingereza aliyetaka kuwaambia nyumbani kwamba amefika na kwamba atawaandikia barua alihitaji, kwa sentensi kamili, maneno saba au manane. Sisi: NIMEWASILI NITAWAANDIKIA. Mawili. Mtenda, wakati, mtendewa na tendo, vyote vimepanda gari moja na kulipa nauli ya mtu mmoja. Posta walikuwa na dawa, maana neno lililozidi idadi fulani ya herufi lilihesabiwa mawili, lakini kabla ya kufika hapo ulikuwa umeshasema mengi. Ukipima lugha kwa idadi ya maneno, kitenzi cha Kiswahili ni muujiza wa ubahili.

Halafu wakaja kuhesabu herufi.

Ujumbe mfupi wa simu (tazama, neno "mfupi" limo ndani ya jina kabisa, hatukuachiwa nafasi ya kujitetea) una herufi 160. Kisa chake kinanivutia kupita kiasi. Mwaka 1985 mhandisi Mjerumani, Friedhelm Hillebrand, alikaa na taipureta yake nyumbani Bonn, akaandika sentensi za kila aina, akahesabu herufi, nafasi na alama. Karibu zote ziliishia ndani ya mistari miwili, chini ya herufi 160. Akaamua zinamtosha binadamu. Hakuwa na mjumbe wa kamati ya harusi chumbani. Ndani ya mitambo ujumbe mmoja ni nafasi ya biti 1,120, na kila herufi ya kawaida inakula biti 7. Gawanya, unapata 160. Lakini ukiingiza alama moja tu isiyokuwemo kwenye ile orodha ya kawaida, ujumbe wote, si ile alama peke yake, unahamishiwa kwenye mfumo ambao kila herufi inakula biti 16. Gawanya tena: 70. Ukizidi 70 unakatwa vipande, na kwa kuwa kila kipande lazima kibebe maelezo ya kukiunganisha na mwenzake, zinabaki herufi 67 kwa kipande.

Haya niliyajua baada ya kuwatumia waalikwa 240 tangazo la chakula. Lilikuwa na herufi 158. Nilihesabu mara mbili, nikajipongeza. Kulikuwa na neno moja ndani yake, "ng'ombe". Nililiandika kwenye kompyuta, na kompyuta kwa upendo wake ikaipinda ile alama ya king'ong'o ikawa kama mkia wa mjusi, ipendeze. Ule mkia haumo kwenye orodha. Herufi 158 zikagawanywa kwa 67, vikatoka vipande vitatu, mara watu 240, tukalipia ujumbe 720. Mhazini aliniomba mara tatu nimrudie, na mara zote tatu jibu lilikuwa lilelile: ni ng'ombe. Tangu hapo kamati inasema "nyama".

Mengine nayataja mbiombio. Niliwahi kupewa dakika mbili za shukrani, nikatumia moja kushukuru kwa kupewa mbili. Ujumbe wangu wa sauti mrefu zaidi ulikatwa na betri. Na barua yangu ya kwanza ya kuomba kazi ilijibiwa kwa neno "Imepokelewa", nikasubiri miezi minane nikidhani ni mwanzo wa sentensi.

Haki itendeke: si mimi peke yangu. Mtu akisimama ukumbini akasema "mimi sina mengi", toa viatu, utakuwepo. "Nisiwachoshe" ni onyo. "Kwa hayo machache" husemwa saa moja baada ya lile la kwanza. Tuna tungo moja tu ya hadhara iliyobuniwa kweli kufupisha, na ni nzuri mno: "Itifaki imezingatiwa." Maneno mawili badala ya kumtaja mgeni rasmi, wakuu wa dini, viongozi wa serikali, wa chama, wenyeviti wa mitaa na wazazi wa pande zote mbili. Nimekaa kwenye hafla nikamsikia msemaji akiwataja hao wote, kwa vyeo na majina, dakika kumi na moja, kisha akavuta pumzi na kumalizia kwa furaha: "Itifaki imezingatiwa." Kweli ilikuwa imezingatiwa.

Utaniuliza: kama unayajua yote hayo, kurasa tisa zilitoka wapi?

Zilitoka mahakamani.

Baba alipofariki, ukoo ulikaa. Ili kufungua mirathi, mahakama za mwanzo kwa desturi huomba muhtasari wa kikao cha ukoo kilichompendekeza msimamizi. Nikachaguliwa kuandika, kwa sababu nina mwandiko. Nikaandika muhtasari ambao Abu Shuja mwenyewe angeutia sahihi: "Ukoo umekaa. Umekubaliana kaka mkubwa awe msimamizi wa mirathi. Hakuna aliyepinga." Maneno kumi na moja. Niliyaona mazuri. Yalikuwa ya kweli pia. Kikao chenyewe kilikwisha kabla chai haijapoa, kwa sababu hakuna aliyekuwa na nguvu ya kubishana.

Karani aliisoma ile karatasi, akaigeuza kuona nyuma kama kuna kingine, akanirudishia. "Huu ndio muhtasari? Mbona mfupi?"

Naapa ndivyo alivyosema. Nimelala nalo swali lile mwaka mzima. Muhtasari, mbona mfupi.

Walitaka majina yote ya waliohudhuria na uhusiano wa kila mmoja na marehemu. Walitaka orodha ya warithi. Walitaka sahihi, na dole gumba kwa wasioandika. Vyote hivyo vina sababu, nakubali. Kuna ndugu wanaoandika kikao hewa ili wauze shamba. Ila hakuna popote vilipobandikwa. Ukutani palikuwa na kalenda na tangazo la kukataza rushwa. Basi nikapanda basi kurudi Muheza, kukusanya upya wazee wanne, mmoja wao kwa kumbeba. Nikarudi. Karani mwingine akasema lazima kuwe na mhuri wa mtendaji wa kijiji. Nikaenda, nikarudi. Jina la baba lilikuwa na "h" kwenye cheti cha kifo, na halikuwa na "h" kwenye muhtasari. Nikaenda. Safari tatu za basi kwa herufi na mhuri, na kila safari wazee walewale walilazimika kukaa tena na kukubaliana tena kwamba baba amekufa.

Mara ya nne nilikwenda na Mama. Tulifika saa moja asubuhi. Tuliitwa saa nane mchana. Mama alikuwa amejiandaa. Njia nzima kwenye basi alikuwa anasogeza midomo, anapanga aanze wapi. Alisimama, akashika ukingo wa meza, akasema, "Mwanangu, mimi na marehemu tulioana..." na karani, kijana mmoja, bila kuinua macho kutoka kwenye karatasi zake, akasema: "Mama, kwa kifupi."

Mama alinyamaza kidogo. Kisha akasema: "Nimeishi naye miaka 41. Kwa kifupi, amekufa."

Kijana akaandika kitu. Simu yake ikaita, akapokea, na tukasikiliza kwa dakika nyingi habari za kuku wake wa kisasa, walivyopata mdondo, chanjo ilivyochelewa, nani alimuuzia, na yule aliyemuuzia alivyobadilika tangu aoe. Aliieleza vizuri, lazima niseme. Hakubana popote. Mama alisimama muda wote huo ameshika ukingo wa meza, kwa sababu hakuna aliyemwambia akae wala aende.

Nimekuwa nikichekesha hapa kuhusu urefu na ufupi kana kwamba ni suala la lugha. Pale mezani halikuwa suala la lugha. Aliyekaa upande wa kiti alikuwa na kuku, mdondo na chanjo, na muda wa kuvieleza. Aliyesimama alikuwa na miaka 41 na akapewa pumzi moja. Karatasi yetu ilipokuwa fupi ilirudishwa kwa ufupi, na mama yetu alipotaka kuwa mrefu alirudishwa kwa urefu, na wote wawili walirudishwa na meza ileile.

Kwa hiyo mara ya tano nilipeleka kurasa kumi na moja. Niliandika kila kitu. Niliandika nani alikaa kwenye mkeka na nani kwenye kiti, nani alifika saa ngapi na kwa nini, nani alikohoa. Niliandika yale ambayo Mama alikuwa ameyapanga kwenye basi, yote, kuanzia walipooana. Karani aliufunua ukurasa wa mwisho, akahesabu sahihi, akatazama mhuri, akagonga wake. Kurasa kumi za kwanza hakuzigusa.

Mkono uliotoka pale ndio niliouleta kwenye kikao cha harusi. Ulikuwa haujapoa.

Kamati imepitisha azimio kwamba muhtasari usizidi ukurasa mmoja, na nimeliandika azimio hilo pamoja na waliolitoa, waliounga mkono, na Shangazi aliyetaka uwe nusu. Nimefika ukurasa wa tatu. Mjomba hapokei simu zangu. Harusi iko palepale na pengo ni laki tatu. Kikao kijacho ni Jumapili saa kumi jioni, turubai lilelile. Msomaji ukipita na ahadi, nitaandika jina na kiasi basi, na ukitaka kunong'ona, kaa kushoto kwangu, sikio la upande ule halisikii vizuri.